Buriani Baba Mkubwa, dereva aliyenifundisha uchumi wa kilimo

SIKU tuliyomzika Baba Mkubwa ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya soko Tengeru. Hata hivyo, akina mama wauza nyanya walifunga meza zao mapema wakapanda daladala kuja msibani. Barabara ya vumbi inayopanda kutoka Usa River kuelekea nyumbani kwake ilijaa malori pande zote mbili. Safari hiyo hayakuwa na mzigo. Yalileta madereva, matandiboi, madalali wa soko la Kilombero na wakulima kutoka upande wa pili wa Mlima Meru.

Alikuwa na umri wa miaka 77. Hakuwa kiongozi wa chama, wala hakuwa na mali ya kutajwa. Aliishi na malori kwa miaka 42, kisha akarudi nyumbani kufuga ng'ombe wawili wa maziwa na kutunza migomba.

Ulipofika wakati wa salamu za rambirambi, mama mmoja mkulima kutoka Ngarenanyuki alisimama. Hakuwa na karatasi. Alisema, "Huyu mzee alinirudishia shilingi 400 ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazisahau." Baadhi ya waombolezaji walicheka, wengine wakafuta machozi. Wageni kutoka mjini walitazamana, kwa sababu hawakuelewa shilingi 400 zina uzito gani wa kutajwa mbele ya jeneza.

Makala haya ni ya kueleza uzito wa shilingi hizo. Mimi ni mchumi kilimo kwa taaluma. Chuo kikuu nilifundishwa masoko ya mazao, mnyororo wa thamani na gharama za biashara. Lakini masomo ya mwanzo niliyapata ndani ya kabini ya lori, wakati wa likizo, nikiwa nimekaa kati ya Baba Mkubwa na tandiboi wake.

Kutoka tandiboi hadi dereva

Baba Mkubwa alizaliwa mwaka 1948 katika ukoo wa Wameru wenye migomba, kahawa na watoto wengi kuliko ardhi. Tatizo la ardhi katika eneo hili si hadithi ngeni. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kudai haki yao. Baba Mkubwa alikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini alikua akisikia wazee wakisimulia. Alipomaliza shule ya msingi hakukuwa na kipande cha shamba cha kumtosha, hivyo akaifuata barabara.

Mwaka 1966 alikuwa tandiboi katika lori la mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Vijana wa leo huenda hawajui kwa nini malori mengi yalielekea huko. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini ina matatizo makubwa. Mafuta ikabidi yapite Tanzania na shaba itoke kwa njia hiyo hiyo. Barabara haikuwa na lami. Wakati wa masika ilikuwa tope, wakati wa kiangazi vumbi, na wageni waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo, uhai wa nchi nzima ulitegemea watu walioshika usukani.

Kazi ya tandiboi ilikuwa kuruka chini na gogo mkononi pale lori linaposhindwa mlima Kitonga, na kuliweka nyuma ya tairi kabla halijarudi nyuma. "Ukichelewa kidogo tu, mwanangu, unapoteza gari, mzigo na dereva wako," alikuwa akiniambia. Huko ndiko alikojifunza kwamba mali isiyo na njia ya kutokea haina bei, hata ikiwa shaba.

Bei moja, umbali tofauti

Miaka ya 1970 alikuwa dereva kamili katika shirika la umma la usafirishaji. Alibeba kahawa ya Meru kwenda kukobolewa Moshi, na alibeba mahindi ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lililoanzishwa mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Rukwa au Ruvuma alilipwa sawa na mkulima aliyekaa karibu na soko.

Nilipokuwa chuo tulijadili sera hiyo kwa wiki mbili. Nilipomuuliza Baba Mkubwa alinijibu kwa dakika mbili. Alisema sera ile ilikuwa na huruma, kwa sababu iliwafungulia kilimo watu wa mbali ambao kabla ya hapo hakuna mfanyabiashara aliyewafuata. "Lakini umbali haufutwi kwa tangazo la redio," alisema. "Mafuta yanaungua vilevile, tairi linaisha vilevile. Kama halipi mkulima, kuna mwingine anayelipa." Aliyelipa alikuwa Serikali kupitia hasara za shirika, na hatimaye mzigo huo ulishindikana.

Mambo mengine ya miaka hiyo yaliwagusa madereva moja kwa moja. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Namanga ikanyamaza. Mboga na nyanya za Arusha zilizozoea kwenda Nairobi zikakosa njia halali hadi makubaliano yaliyofikiwa hapa hapa Arusha Novemba 1983. Mwaka 1978 vita ya Kagera ilipoanza, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vifaa. Baba Mkubwa alikwenda. Kuhusu safari ile alizungumza kidogo sana, na sisi watoto tulijifunza kutomuuliza.

Baada ya vita ikaja hali ngumu ya vipuri na mafuta. Ingawa kiwanda cha matairi cha General Tyre kilikuwa Arusha, anasema aliwahi kukaa wiki tatu akisubiri kibali cha tairi moja. Mazao yaliozea vijijini huku malori yakiwa juu ya mawe.

Honi tatu njia panda

Mageuzi yalianza taratibu. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu mtu kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali, kutoka kilo 30 za awali, na mwaka 1987 kikomo hicho kikaondolewa. Malori ya watu binafsi yakaongezeka barabarani. Shirika lake likadhoofika na kufungwa, na mwaka 1993 akaajiriwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini Arusha. Sasa mzigo wake ukawa vitunguu vya Mang'ola, kabichi na viazi vya miteremko ya Meru, na zaidi ya yote nyanya za Ngarenanyuki.

Msomaji anayeifahamu Ngarenanyuki anajua kwamba ni upande mkavu wa mlima. Nyanya hustawi kwa maji ya mifereji yanayoshuka kutoka Meru. Mkulima anaweza kuvuna vizuri sana na bado akapata hasara, kwa sababu nyanya haisubiri. Ikiiva leo, baada ya siku chache ni taka.

Miaka ile simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza mijini. Kijijini, aliyeijua bei ya Kariakoo alikuwa dalali peke yake. Alifika alfajiri na kusema, "Dar nyanya zimejaa, mkitaka chukueni hii, msipotaka mbaki nazo." Inawezekana alisema kweli, inawezekana alidanganya. Mkulima hakuwa na namna ya kujua.

Baba Mkubwa alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa ametoka huko. Akifika njia panda alipiga honi mara tatu, watu wakashuka kutoka mashambani, naye akawaambia alichokiona: malori mangapi ya nyanya ameyaacha sokoni, mangapi amepishana nayo njiani, na tenga limeuzwa kwa bei gani. Wakati mwingine aliwaambia, "Kesho msivune. Subirini Alhamisi." Hakudai malipo kwa taarifa hiyo. Akina mama walimpa kikombe cha loshoro, naye akaendelea na safari.

Baadhi ya madalali hawakufurahi. Walimlalamikia kwa mwajiri wake kwamba anawaharibia biashara. Alijibu, "Mimi simharibii mtu. Nasema nilichokiona kwa macho yangu." Alikuwa na uhusiano mzuri na madalali waaminifu hadi mwisho, na ndio waliobeba jeneza lake pamoja na wakulima.

Jambo jingine alilolikataa ni lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini wengi wetu tumeona magunia ya viazi yenye kilemba cha kiroba kilichoshonewa juu. Tuseme mkulima analipwa kwa gunia, na gunia hilo lina kilo 130. Kilo 30 amezitoa bure. Akiuza magunia 10 ya namna hiyo, ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu halali. Baba Mkubwa hakuhitaji kikokotoo kulieleza hilo. Alisema, "Gari langu linabeba kilo, halibebi magunia. Anayekuambia gunia ni gunia, mwangalie mkono wake uko wapi."

Mvua za El Nino na daftari

Sasa nirudi kwenye shilingi 400. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua kubwa za El Nino zilipiga Afrika Mashariki. Barabara zilikatika na madaraja kusombwa sehemu nyingi nchini. Baba Mkubwa alikuwa njiani kwenda Dar es Salaam akiwa na matenga ya nyanya ya wakulima 11, waliokubaliana kupakia pamoja na kumtuma auze kwa niaba yao. Mbele yake daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na nyuma yake barabara ilikuwa imejaa tope.

Siku ya kwanza alisubiri. Siku ya pili alifungua turubai ili nyanya zipate hewa. Siku ya tatu maji mekundu yalianza kuchuruzika chini ya bodi. Dereva mwingine angesema mzigo umeharibika, mapenzi ya Mungu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye na tandiboi wake walibeba matenga mabegani wakayapeleka katika vijiji vya jirani, wakauza kwa sado, kwa debe, kwa bei yoyote iliyopatikana. Kila walichouza alikiandika kwenye daftari la shule la kurasa 80, na kilichooza nacho alikiandika.

Aliporudi alikuwa na pesa kidogo mno. Aliwaita wakulima wote 11 chini ya mti, akaeleza. Alipendekeza kwamba kwa kuwa matenga yaliyookolewa yalichaguliwa kwa ubora wa nyanya na si kwa jina la mwenyewe, kila mmoja apate sehemu kulingana na matenga aliyopakia. Mzee mmoja alisimama akamshutumu kwamba ameficha pesa. Baba Mkubwa hakubishana. Alimkabidhi mwalimu wa shule ya kijiji lile daftari, akamwomba asome kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza. Lilisomwa karibu saa nzima, mpaka shilingi ya mwisho. Yule mzee aliketi. Tangu siku ile hakupakia nyanya zake katika gari lolote lingine.

Chenji haikutosha. Mama mmoja alibaki akidai shilingi 400. Baada ya wiki sita, Baba Mkubwa akiwa katika safari nyingine kabisa, alisimamisha lori, akapanda kwa miguu hadi nyumbani kwake na kumpa.

Vitabuni tunaita jambo hilo kugawana hasara kwa haki. Tunaandika pia kwamba pale watu wanapoaminiana, biashara inakuwa na gharama ndogo. Mkulima anayemwamini msafirishaji hahitaji kusafiri na mzigo wake hadi Dar es Salaam, hahitaji kulala gesti, wala hahitaji kuuza kwa bei ya kutupa shambani kwa kuogopa kuibiwa njiani. Baada ya El Nino wakulima wale waliendelea kupakia pamoja kwa miaka kumi. Daftari lile liliwafaa kuliko mkopo wowote ninaoujua.

Lori linaporudi tupu

Somo ninalolitumia zaidi katika kazi yangu nililipata mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikiwa sekondari. Tulikuwa tunarudi kutoka Dar es Salaam, na alikataa kuondoka mpaka apate mzigo wa kurudia. Tulikaa siku moja na nusu. Mimi nilichoka, nikamuuliza kwa nini tusirudi tu.

Alinipa hesabu. Tuseme lori linagharimu shilingi 600,000 kwenda na kurudi, na limebeba matenga 200. Likirudi tupu, kila tenga la nyanya limebeba nauli ya shilingi 3,000. Likipata mzigo wa kurudia wa shilingi 200,000, zinabaki 400,000 za kulipwa na nyanya, sawa na shilingi 2,000 kwa tenga. "Shilingi elfu moja hiyo ni ya mkulima," alisema. "Ukirudi tupu umeitupa barabarani."

Leo tunapozungumzia bei ndogo shambani na bei kubwa mjini, mara nyingi lawama zote huenda kwa dalali. Dalali ana sehemu yake. Lakini sehemu nyingine iko kwenye lori linalorudi tupu, linalosubiri siku mbili kwenye foleni, au linalovunja springi katika barabara mbovu ya kijijini. Ndiyo maana Baba Mkubwa alifurahi sana Desemba 2018 kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Namanga. Na ndiyo maana Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, alinipigia simu asubuhi na mapema kuuliza, "Wale vijana walio barabarani wamebeba mahindi ya watu, wanakula nini?"

Aliyewabeba wengine hakubebwa

Moyo wake ulionekana pia nyumbani. Ukimwi ulipoanza kuondoa madereva na matandiboi katika barabara kuu, alimpoteza yule tandiboi wa safari ya El Nino. Marehemu aliacha watoto wawili. Baba Mkubwa aliwachukua, wakakua na sisi, wakala sahani moja na sisi. Mmoja wao leo ni dereva wa lori.

Mwaka 2008, mwaka ule ule M-Pesa ilipoanza nchini, alifikisha miaka 60 na kustaafu. Alikuwa amemtumikia mwajiri wake kwa miaka 15, na kila mwezi mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya hifadhi ya jamii. Alipokwenda kuulizia mafao, michango iliyokuwa imewasilishwa haikufika hata nusu ya miezi aliyokatwa. Mwenye kampuni alikuwa ameshafunga biashara. Baba Mkubwa alilipwa mkupuo mmoja mdogo, na pensheni ya kila mwezi hakuipata.

Mtu aliyetembea kwa wiki sita na deni la shilingi 400 kichwani aliibiwa miaka yake ya uzee, na hakuwa na daftari la kuthibitisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi siku ya mazishi. Yeye hakulilalamikia sana. Mkupuo ule alinunulia mtamba wa maziwa. Lakini alimwita yule kijana dereva akamwambia, "Mimi niliandika nyanya za watu, nikasahau kuandika zangu. Wewe usisahau."

Wosia huo unawahusu madereva wote. Chini ya sheria ya NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Ili kupata pensheni ya uzeeni mwanachama anatakiwa awe amechangia kwa angalau miezi 180. Dereva adai mkataba wa maandishi. Atunze kila hati ya mshahara. Aende mwenyewe kuangalia taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka, asisubiri miaka 60. Asiyeajiriwa anaweza kujiandikisha na kuchangia mwenyewe.

Kwa wakulima, simu imechukua nafasi ya honi tatu. Bei ya Kariakoo au Nairobi inajulikana kabla jua halijachomoza. Lakini simu haikuhakikishii kwamba anayekutajia bei ni mkweli, wala haigawi hasara daraja linapokatika. Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika vichague wasafirishaji kwa uaminifu na kumbukumbu zao, vipakie pamoja, viandike makubaliano ya nani anabeba hasara ya njiani, na vitafute mzigo wa kurudia kama pembejeo kabla lori halijaondoka.

Baada ya matanga Mama Mkubwa alinikabidhi daftari la mwisho. Nilitarajia kukuta mambo ya safari. Nilikuta lita za maziwa, majina ya majirani, na upande wa kulia walichodaiwa. Karibu na majina mengi ameandika neno moja: "Asamehewe." Kwenye ukurasa wa mwisho kuna deni moja tu ambalo yeye ndiye anadaiwa, shilingi 1,500 za pumba dukani. Nilishuka Usa River siku ile ile nikazilipa.

Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo anayeishi Arusha.